Damu Niliyoizunguka

Kanoni, Karagwe

Mwanangu Kamugisha,

Salamu sitaziandika. Tumesalimiana asubuhi, na tutasalimiana tena jioni ukishamaliza kuaga watu, ukiwa umeshiba kwenye nyumba tatu kama kawaida yako. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye gogo la kupasulia kuni, daftari juu ya goti. Mama yako amepita mara mbili na hakuniuliza kitu. Anajua ninachoandika, maana kwa miaka yote hii ni yeye peke yake niliyemwambia.

Habari za blanketi, chumvi na viatu visivyobana atakuambia yeye, na atakuambia mara nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wa misheni alichonifundishia kushika kalamu, na pia kwa sababu kwa Kinyambo nisingefika mstari wa pili. Uongo nitakaokueleza niliusema kwa Kinyambo.

Kesho lori la yule Bwana litakuchukua njia panda likupeleke kambini kwake, mabonde ya Kagera upande wa Kyerwa, ukawe msoma nyayo wake. Amesikia hakuna kijana huku anayesoma nyayo kama wewe, na hakudanganywa. Nilikufundisha mimi ulipokuwa unachunga, nikikuuliza hii ni kwato ya nani, alipita kabla ya umande au baada yake, alikuwa anakimbia au anatembea. Ulipopatia nilijivuna hadi nikawachosha majirani. Sasa umeniomba baraka, na kwa siku nne nimejifanya nina kazi shambani nisikujibu. Siwezi kukubariki kabla hujajua mkono unaokubariki ulifanya nini.

Kwamba mimi sikukuzaa unajua, halijawahi kuwa siri. Baba yako Katabaro alikuwa mnywani wangu. Ninyi vijana mnaliona jambo hilo la kizamani, kwa hiyo nikueleze jinsi lilivyofanyika. Tulikalishwa kwenye mkeka mbele ya wazee, tukachanjwa chini ya kitovu. Likaletwa tunda moja la kahawa, likapasuliwa. Kila mmoja akachukua punje yake, akaichovya kwenye damu ya mwenzake, akaimeza bila kuitafuna. Halafu tukaapa: nikikudanganya, damu yako na ivimbe tumboni mwangu. Tulikuwa na umri kama wako wa sasa, tukacheka tulipomaliza kwa sababu Katabaro alikwamwa na punje yake na ikabidi apigwe mgongoni.

Ukoo wangu, unajua, mziro wetu ni nyati. Hatumli, hatumuui, hatukanyagi damu yake. Akipita tunampisha kama tunavyompisha mkwe. Mziro wa baba yako, ambao ndio wako, ni pongo.

Alipokuja mzungu mwindaji kupiga kambi karibu na mto, alitafuta wasoma nyayo, nami nikaenda. Sikwenda kwa sababu ya njaa. Nilitaka kaptura ya kaki na nilitaka watu wanitazame. Nyapara wake alikuwa mtu wa Kyerwa, anazijua mila zetu, akawauliza watu wote mmoja mmoja mziro wao, ili ajue nani asipelekwe kwa mnyama gani. Nilijua kwamba nikisema nyati nitarudishwa, maana nyati ndiye aliyetafutwa kuliko wote. Nikasema pongo. Nilichukua mziro wa mnywani wangu nikauvaa.

Nilipomsimulia Katabaro alicheka, akasema, "Munywani, kwa hiyo unakwenda kuwachongea ndugu zako kwa mzungu?" Nikamwambia kwamba mimi nitaonyesha njia tu, bunduki haitakuwa yangu. Akaacha kucheka. Akasema, "Haya. Ila mguu wako ukiingia, na wewe umeingia." Hakulirudia tena, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Mzungu yule tulimwita Bwana Futi. Hakutoka hemani bila futi ya kupimia mfukoni, ile ya kitambaa inayojiviringisha kwenye kikopo. Mnyama akianguka, kabla hatujajua kama amekufa, futi ilikuwa imeshatoka. Hakuwa mtu mkali. Alitutibu macho, alitugawia sukari, mtu akiumwa alikaa kando yake. Nakuambia hivi usije ukangoja mtu mwenye uso mbaya ndipo uanze kujihadhari.

Siku ya kifaru nitakueleza bila kupunguza. Alimpiga begani, kifaru akapiga magoti, akaanguka ubavu. Jua lilikuwa linashuka na Bwana Futi alitaka picha kabla mwanga haujaisha, halafu pembe itoke twende. Nyapara akaita shoka. Mimi nilikuwa nimemkalia shingoni ili kichwa kisicheze. Shoka la kwanza lilipoingia kwenye ngozi ya pua, yule mnyama alilia. Kifaru ana sauti nyembamba, ya nguruwe mdogo, haifanani na mwili ule. Alikuwa hai. Nilimsikia akitetemeka chini ya mapaja yangu. Mwenye shoka akamtazama nyapara, nyapara akasema malizia, akapiga tena na tena, damu ikaturukia usoni na mdomoni, na jicho la upande wangu lilikuwa wazi likizunguka likimtafuta anayempiga. Pembe ilitoka na kipande cha uso. Kifaru alikuwa bado anavuta pumzi, povu jekundu linatoka kwenye lile shimo, ndipo Bwana Futi alipokumbuka kumpiga risasi ya pili. Kisha akapima. Ikazidi ya rafiki yake, akafurahi, akatugawia sigara. Nikavuta, nikacheka pamoja na wengine. Jioni hiyo nilikula vizuri, tena nikaongezewa.

Nimefikiri sana juu ya kicheko kile. Sisemi kuua mnyama ni dhambi. Nyama nimekula, na chui aliyekuwa anabeba mbuzi wetu nilimchoma mkuki mwenyewe, wewe ukiwa mlangoni unapiga kelele. Aliye na njaa akishiba anaacha. Aliyeibiwa mbuzi hasira ikiisha anakwenda kulala. Bwana Futi hakuwa na njaa, na hakuna mnyama aliyemkosea. Alikuwa anatafuta pembe ndefu kuliko ya jana, na daima ipo ndefu kuliko ya jana. Kazi ya mtu wa namna hiyo haina jioni. Mimi niliyekuwa natembea mbele yake nilidhani naifanya yangu, kumbe nilikuwa naifanya ya kwake.

Basi tukafika kwa nyati. Nilimpata mimi, dume mzee anayelala peke yake kwenye mafunjo, nilimfuata siku mbili. Nilijua ukubwa wake kwa kwato na kwa urefu wa tope aliloliacha kwenye vigogo. Asubuhi ya tatu nilinyoosha kidole changu hiki ninachoandikia, nikamwonyesha Bwana Futi. Nilijiambia kidole si mkuki. Bwana akapiga, nyati akageuka wakati uleule, risasi ikampata kwenye taya badala ya bega. Niliuona mdomo wake ukining'inia. Akaingia vichakani.

Sheria ya kazi ile ni moja tu, na mzungu na Mnyambo wote wanaijua. Mnyama uliyemjeruhi unamfuata mpaka mwisho, hata kama mwisho ni wako. Msoma nyayo ndiye anayetangulia. Nikatangulia. Nyasi zilikuwa za kufika kiunoni, na damu ilikuwa imepakwa juu yake pande zote mbili, bado ina moto. Kupita pale ilikuwa lazima inipake mapajani na mikononi.

Nikasimama. Mimi niliyedanganya mziro wangu, niliyemtafuta yule mnyama siku mbili, niliyenyoosha kidole, nikaogopa kuguswa na damu yake. Niliona kwamba isiponigusa bado sijafanya kitu. Nikaizunguka. Nikapita pembeni mpaka mtoni, nikakaa kidogo, nikarudi nikamwambia Bwana, "Amevuka. Amekwenda Ruanda." Ng'ambo ya Kagera kulikuwa na serikali nyingine, asingeweza kumfuata huko.

Alinitazama. Nadhani alijua. Lakini akasema, "Pembe ya kushoto ilivunjika ncha, sivyo?" Nikasema ndiyo, Bwana, imevunjika. Akasema, "Basi si kitu." Tukaondoka. Saa tisa akaua kuro mwenye pembe nzuri, na habari ya nyati ikaisha kwetu sote.

Siku nne baadaye nikaruhusiwa kuja nyumbani. Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali, visima vya huku vimebaki tope. Wewe ulikuwa umeanza kutembea, na mama aliyekuzaa alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliotangulia, kwa hiyo mchana ulikuwa unashinda kwa mke wangu. Katabaro alikuja kukuangalia, akatukuta tumekaa, mimi na baba yangu mdogo na wazee wengine wa ukoo, kikapu cha kahawa ya kutafuna kinazunguka. Akachukua punje chache. Akasema, "Munywani, wewe unatoka kule. Nataka kuwashusha ng'ombe kwenye maji. Bondeni pakoje?"

Kamugisha, ningeweza kusema neno moja tu, kwamba kuna nyati mwenye jeraha kwenye mafunjo. Lakini baba yangu mdogo alikuwa pale anatafuna, sikio limeelekea kwangu. Angeuliza nani aliyemjeruhi, na nani aliyemfuata nyayo zake. Wangenifukuza kwenye ukoo kabla kikapu hakijamaliza kuzunguka. Nikajiambia kwamba huenda kweli amevuka. Nikajiambia amekwisha kufa.

Nikasema, "Nenda tu. Kweupe."

Nilitaka kumwambia tukiwa wawili. Hilo nilikusudia, na ukitaka kuniamini uniamini, usipotaka ni haki yako. Alfajiri nilichukua mkuki nikaenda kwake, nikakuta ameshaondoka na ng'ombe. Nikakimbia. Nilipovuka kilima cha mwisho niliwaona ng'ombe wanapanda kunijia, mikia juu, hakuna aliye nyuma yao, na mmoja utumbo unaburuzika chini.

Wachungaji wawili wa Kiruruma walikuwa juu ya mgunga, wananipungia nirudi. Katabaro alikuwa chini kwenye njia ya maji. Nyati alikuwa amemrusha, akamngoja ashuke, akamrusha tena. Nilipofika alikuwa amempigia magoti kifuani, anamsaga kwa paji la uso kama mwanamke anavyosaga ulezi, anainuka, anarudi. Hakuwa na haraka. Pembe iliyovunjika ncha ndiyo iliyomwingia, ilimpasua kutoka kwenye paja mpaka chini ya mbavu. Pembe nzima ingetoboa tundu moja. Ile butu ilichana.

Nilipiga kelele akageuka, nikamwona uso. Taya lilikuwa limeoza. Funza walikuwa wanaanguka kutoka mdomoni, ulimi umekuwa mweusi umetokeza kwenye shavu. Siku tano hakula wala hakunywa, alikuwa amelala kando ya maji anayaangalia. Huyo ndiye niliyesema amekwenda Ruanda.

Akanijia. Mkuki ulimwingia chini ya shingo na mpini ukavunjika mkononi mwangu, akanibeba mpaka kwenye mti, mbavu zangu mbili zikavunjika. Unajua ninavyoinama kulia nikibeba mkungu. Ulikuwa unaniiga watu wakicheka. Kisha akapiga magoti, nikatoa kisu, nikakata, sikujua nakata wapi, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na nikaendelea kukata baada ya yeye kuacha kusogea. Wachungaji ndio walioshuka wakanivuta. Nilikuwa nimejaa damu ya mziro wangu kichwani mpaka miguuni, mdomoni mwangu ilikuwemo. Ile yote niliyoizunguka.

Katabaro aliishi kwa muda wa kutosha kukamua ng'ombe mmoja. Alisema nami. Alichosema nakiacha kwanza, nitakifikia, mkono wangu haujawa tayari.

Baada ya kumzika, mbavu zimefungwa kwa maganda ya mgomba, nilikwenda kambini kumwambia Bwana Futi. Sijui nilitaka nini kwake. Labda nilitaka anipige. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, macho yakamlowa, sidhani alikuwa anaigiza. Akaleta blanketi jipya akasema nimpelekee mjane. Nikamwambia hakuna mjane, kuna mtoto. Akasema basi mtoto alalie. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu aliye msibani, "Na pembe zake, zilikuwa na upana gani?"

Nami, mwanangu, nikanyoosha mikono kumwonyesha. Mbavu zilinikata, lakini nikainyoosha mpaka ilipofika, na nikairekebisha kidogo ili niwe sahihi. Kwa miaka mingi nilimchukia kwa swali lile. Siku hizi nachukia zaidi ile mikono.

Blanketi hukulilalia. Nililizika. Kaptura niliichoma, na nikaenda kwa wazee wa ukoo nikakiri kwamba nimeua nyati. Wakanisafisha kwa sababu nilimuua kumwokoa mtu, wakanisifu hata, rubisi ikanywewa. Sikuwaambia kilichotangulia. Na tumbo langu halikuvimba. Kila asubuhi kwa mwaka mzima nililishika kuona kama limeanza, kisha nikaanza kulikasirikia kwa kutovimba.

Unakwenda kwa Bwana mwingine na sijui tabia yake. Watakuuliza mziro, maana manyapara bado wanauliza. Sema pongo, ni wako kweli. Siku Bwana atakapotaka kichwa cha pongo, kataa ukiwa kambini, chai ikiwa mkononi, kabla ya viatu kuvaliwa. Mimi niligundua kwamba kazi ina kitu nisichokiweza nilipokwisha kuifanya yote isipokuwa hatua ya mwisho, na hiyo hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya lazima. Ama nisingekwenda kabisa, ama ningepita kwenye zile nyasi. Baba yako angekuwa hai kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mnyama akijeruhiwa mbele yako usimwangalie pembe, na usikubali kuitwa urudi. Ukija kijijini ukaulizwa bondeni pakoje, sema, hata kama mimi ndiye niliyekaa pale natafuna kahawa.

Pengine utaona bora usiende. Sikukatazi. Nilikuwa na nafasi ya kukukataza tangu ulipoanza kuniletea habari za nyayo, nikaitumia kujivuna.

Sasa niandike kile nilichokiacha.

Katabaro alikuwa ameegemea paja langu. Wale wachungaji wawili walikuwa wamesimama karibu, wanasikia. Alimtazama nyati, lile taya, akajua ni risasi, alikuwa mchungaji na macho yake hayakuwa yamekufa bado. Akaniuliza, "Munywani. Ni wenu huyu?"

Nikasema, "Si wetu. Ni wa wawindaji wengine. Mimi sijawahi kumwona."

Akavuta pumzi, nikaona amepata nafuu, uso wake ulilegea. Akawaambia wale wachungaji, washike neno lake, "Mtoto apelekwe kwa huyu. Nilikuwa nimeogopa. Kama nyati angekuwa wao, mtoto ningempa kaka yangu wa Bugene." Halafu akanishika mkono wenye damu, akauweka chini ya kitovu chake, pale palipochanjwa. Alikufa hivyo.

Nilikupata kwa neno lile. Kaka yake alikuja kukudai baada ya mazishi, ni mtu mwema unavyomjua, angekulea vizuri, na wachungaji wakamwambia maneno ya marehemu akarudi peke yake analia. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimekubeba. Ningeweza kumwita arudi. Ulikuwa umelala, mate yako yamenilowesha bega, na sikumwita.

Na hata leo, nikikuona unaingia na nyasi kwenye nywele, ukipiga kelele "Tata, kuna chakula?", nikijiuliza kama ningerudishwa pale chini ya mgunga ningemjibu Katabaro ukweli nikupoteze, sipati jibu ninaloweza kuliandika. Nimemwomba Mungu anisamehe uongo wote uliotangulia. Huo wa mwisho sijauombea, kwa sababu ningekuwa naomba msamaha kwa kuwa na wewe.

Daftari nitampa mama yako, akupe asubuhi kabla hujafika njia panda. Nitakuwa shambani, mashina ya upande wa juu, yanataka kupunguzwa. Kaka yake Katabaro yupo Bugene, na mlango wake uko wazi kwako, ukitaka kwenda huko badala ya huku au badala ya kambini. Ukipita shambani kwanza, sitauliza umeamua nini. Uniite jina langu, au uniite vyovyote utakavyoona ninastahili, nitaitika.

Mimi niliyekulea,

Byabato